Maharage Hayapendi Kuchunguliwa

Haya, sogeeni karibu. Mdogo akae mbele, mkubwa akae nyuma, na mwenye njaa avumilie, kwa sababu hadithi hii inanukia chakula.

Palikuwa na msichana mmoja, jina lake Tusekile. Alikaa Tukuyu, huko ambako mvua ikianza kunyesha hujisahau.

Tusekile alikuwa na macho makubwa na mikono myepesi. Na alipenda kuchungulia, jamani, alipenda mno.

Alichungulia ndani ya pochi ya Mama. Alichungulia ndani ya buti za Baba. Alimchungulia hata kuku aliyelalia mayai, akadonolewa kidole, akalia. Kesho yake akaenda tena.

Siku tunayoisimulia, mvua ilianza asubuhi na mapema. Ti-ti-ti, juu ya bati. Ti-ti-ti.

Tusekile aliamka kabla ya kuitwa. Leo Mama anarudi kutoka hospitali, na harudi peke yake. Anarudi na mtoto mchanga.

Mdogo wake Tusekile. Wa kwake mwenyewe. Na alikuwa hajamwona hata pua.

Jana yake Baba alikuwa amepiga simu. Alisema Mama hajambo na mtoto hajambo, ila Mama amechoka na uji wa hospitali. Anatamani maharage ya nyumbani, yale laini ya kapu la Bibi.

Tusekile akamwomba Bibi simu. "Baba, mwambie Mama maharage nitampikia mimi," akasema.

Baba akacheka, akamwambia Mama. Mama akajibu kwa mbali kwamba basi, atakuja na njaa yake yote. Ahadi ikawa ahadi.

Jioni ileile Tusekile alikaa mkekani na Bibi, mama yake Baba. Ungo ulikuwa katikati yao. Wakachambua maharage, mabovu huku, mazuri kule, vijiwe nje.

Chwa-chwa-chwa. Maharage yakaingia kwenye bakuli la maji. Yakalala humo usiku kucha yakinywa maji, na kulipokucha yalikuwa yamenenepa.

Sasa ilikuwa asubuhi, na Bibi aliwasha jiko la mkaa. Akalitikisa gunia la mkaa, akakunja uso. Mkaa ulikuwa umebaki kidogo, na kwa mvua ile muuza mkaa hapandi mlima.

Tusekile akaingiwa na wasiwasi. Maharage ni magumu, yanakula mkaa mwingi. Bibi akamwambia atulie, kapu lipo.

Ngojeni niwaambie habari za kapu la Bibi, maana huenda kwenu halipo.

Lilikuwa kapu kubwa la mianzi. Ndani yake mlikuwa na blanketi kuukuu, matambara laini na mto wa sufi. Ukiliona unadhani ni kitanda cha mtu mfupi.

Kwanza sufuria ya maharage ilichemka jikoni. Toko-toko, toko-toko. Ilichemka kwa nguvu, kwa muda mzuri, mpaka mfuniko ukacheza.

Kisha Bibi akaiepua ikiwa bado inatokota. Akaifunga kanga, akailaza ndani ya kapu. Akaweka mto juu, akavuta blanketi, akapiga fundo.

Basi. Moto hapana. Moshi hapana. Joto limefungiwa ndani, nalo litapika lenyewe polepole mpaka mchana.

"Kazi yako ni kulinda kapu," Bibi akasema. "Ukifunua, joto linatoka. Likitoka halirudi."

Kisha akamfundisha maneno ya kulindia kapu. Na yeye alifundishwa na mama yake, zamani hizo.

*Funika, tulia, ngoja.*
*Maharage hayapendi kuchunguliwa.*

Tusekile akayasema mara moja, akayashika. Ni maneno mepesi. Hebu na nyie yasemeni.

*Funika, tulia, ngoja.*
*Maharage hayapendi kuchunguliwa.*

Bibi akaenda chumbani kutandika kitanda cha Mama. Tusekile akakaa kwenye kigoda, mbele ya kapu.

Akalitazama kapu. Kapu halikumtazama.

Akatega sikio. Sufuria ikiwa jikoni husema toko-toko, toko-toko. Kapu je? Kimya.

Hapo Tusekile akaanza kuwaza. Moto hakuna. Sauti hakuna. Isije ikawa maharage yamelala usingizi.

Mkono wake mmoja ukainuka. Ukaenda mpaka kwenye fundo. Yeye mwenyewe hakuutuma, ulikwenda tu.

Akafungua fundo. Akainua mto. Akainua mfuniko.

Fuuu. Mvuke ukampiga puani. Maharage yalikuwepo, yametulia. Tusekile akafunika upesi.

"Ni kidogo tu," akajiambia. Akakaa.

Punde akakumbuka kwamba aliyaona ya juu tu. Ya chini hakuyaona. Na ya chini ndiyo mengi.

Akafungua fundo. Akainua mto. Akainua mfuniko.

Fuu. Mvuke ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza. Akakoroga kwa kijiko, akayaona ya chini, akafunika.

"Ni kidogo tu," akajiambia tena.

Halafu akataka kujua kama yameiva. Mpishi asipoonja, ataonja nani? Akafungua, akainua, akachota moja, akalipuliza, akatafuna.

Ka. Gumu. Akafunika.

Akangoja kidogo, akaonja jingine. Akangoja kidogo, akaonja jingine. Mlikuwa mnahesabu? Mimi nilishaacha.

Mchana Bibi akaja na bakuli na kijiko, mwendo wa furaha. Akainama, akashika fundo, akalitazama.

Lile halikuwa fundo la Bibi. Lilikuwa fundo la kamba za viatu.

Bibi akaweka bakuli chini. Akafungua, akainua mto, akainua mfuniko.

Hakuna fuuu. Hakuna hata fu. Bibi akagusa sufuria, ikawa vuguvugu kama maji ya kuogea.

Akatia haragwe moja mdomoni. Ka. Bibi akashika shavu. Meno yake yamebaki machache, na anayapenda sana.

Akamgeukia Tusekile. Kidevuni mwa Tusekile palikuwa na ganda la haragwe.

Bibi hakugomba. Afadhali angegomba. Tusekile akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nilichungulia, Bibi," akasema. "Nilidhani yamelala."

Akalia. Alilia kwa uchungu wa kweli, si kile kilio cha kutaka biskuti. Mama yuko njiani na njaa yake yote, na maharage ni mawe. Na aliyeahidi ni yeye.

Bibi akamfuta machozi kwa pindo la kanga. Akaliondoa na lile ganda. Kisha akaenda kwenye gunia la mkaa, akalikung'uta mpaka chini.

Vikaanguka vipande vichache na vumbi jingi. Vilitosha jiko moja tu.

Bibi akamweleza wazi. Huo ndio mkaa wa mwisho. Wanayachemsha tena maharage, wanayarudisha kwenye kapu, na kapu likifunuliwa safari hii, Mama atakula maharage mabichi.

Toko-toko, toko-toko. Sufuria ikachemka upya, mfuniko ukacheza. Bibi akaiepua, akapanga ndizi juu ya makaa yaliyobaki, zichomeke taratibu.

Sufuria ikafungwa kanga. Ikalazwa ndani ya kapu. Mto ukawekwa juu, blanketi likavutwa, fundo likapigwa. Fundo la Bibi.

Bibi akauliza nani atalinda. Anaweza kukaa yeye mwenyewe, Tusekile akacheze.

Tusekile akafikiri. Kucheza ni rahisi. Lakini moyo wake haukutaka.

"Naomba nilinde mimi, Bibi," akasema. "Safari hii nitalinda."

Bibi akamtazama. Kisha akasogeza kigoda, akampa. Akaenda zake kuchuma mboga nyuma ya nyumba, mvua ilikuwa imepungua.

Tusekile akakaa mbele ya kapu. Mkono wa kulia ukaanza kuwasha. Wa kushoto nao ukaanza.

Tusekile aliijua mikono yake. Akaiweka chini, akaikalia.

*Funika, tulia, ngoja.*
*Maharage hayapendi kuchunguliwa.*

Kapu likanyamaza. Na Tusekile akanyamaza. Sasa alijua kwamba kapu halilali. Linafanya kazi kimyakimya, basi.

Baadaye harufu ikaanza kutoka. Ilitoka yenyewe, polepole, kwenye mikunjo ya blanketi. Harufu nzuri, ya maharage yanayoiva.

Tumbo la Tusekile likanguruma. Mikono ikafurukuta kule chini. Tusekile akajikandamiza vizuri juu yake.

*Funika, tulia, ngoja.*
*Maharage hayapendi kuchunguliwa.*

"Hodi humu ndani."

Alikuwa Mama Lusajo, jirani yao, mwenye sauti kubwa na mwavuli mdogo. Alikuja kumwona mtoto. Tusekile akamwamkia, akamkaribisha, akamwambia mtoto bado yuko njiani.

Mama Lusajo akanusa hewa. Akanusa tena. Akauliza hayo maharage yanapikwa wapi, mbona jikoni kuna ndizi tu.

Tusekile akasema yamo ndani ya kapu, yanajipika.

Mama Lusajo alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. Toka azaliwe hajaona blanketi likipika chakula. Ngoja aone maajabu haya. Akainama, akanyoosha mkono kwenye fundo.

Mnaona mambo hayo? Mikono ya Tusekile ilikuwa imekaliwa, imetulia vizuri, sasa kumbe kuna mikono ya mtu mzima.

Na mtu mzima humkatazi. Ndivyo Tusekile alivyofundishwa. Lakini mkono ulikuwa umeshafika kwenye fundo.

Tusekile akaruka kutoka kwenye kigoda. Akalilalia kapu, kifudifudi, akalikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Mama Lusajo, nakuomba usifunue," akasema.

Mama Lusajo akashangaa. Akasema anataka kuangalia kidogo tu.

Kidogo tu. Tusekile aliyajua sana hayo maneno. Akazidi kulikumbatia kapu.

"Hata kidogo tu, joto linatoka," akasema. "Na mkaa umekwisha. Na ni ya Mama yangu."

Ti-ti-ti, ilisema mvua juu ya bati.

Mama Lusajo akarudisha mkono wake. Akavuta kigoda cha pili, akakaa. Akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyejua kama anayo, kwamba basi na yeye atangoja.

Tusekile akamfundisha maneno. Akamfundisha na kukalia mikono. Wakakaa wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wote wameikalia mikono yao.

*Funika, tulia, ngoja.*
*Maharage hayapendi kuchunguliwa.*

Bibi alikuwa mlangoni na mboga zake. Alikuwa ameona yote. Akatabasamu, akapita zake jikoni kugeuza ndizi.

Jua lilipokaribia kuzama, bajaji ikalia nje. Pii-pii.

Baba akashuka, akafungua mwavuli. Mama akashuka polepole. Mikononi alikuwa na furushi la blanketi jeupe, na ndani ya furushi alikuwamo mtu.

Tusekile akarukaruka. Alitaka kumkimbilia Mama, alitaka kubaki na kapu, alitaka vyote viwili. Bibi akamwambia amalize kazi yake kwanza, saa ya kapu imefika. Na afungue yeye mwenyewe.

Tusekile akafungua fundo. Akainua mto. Akainua mfuniko.

Fuuuuuuu.

Mvuke ukapanda mpaka darini. Miwani ya Baba ikaingia ukungu, akawa haoni mlango. Mama Lusajo akasimama ili aone vizuri.

Tusekile akachota haragwe moja, akalipuliza. Akalibonyeza kwa vidole viwili. Likasagika, laini kabisa.

Bibi akatia chumvi. Akapakua kwenye sahani, akaweka na ndizi mbili za kuchoma pembeni. Tusekile akaipeleka sahani kwa Mama kwa mikono miwili.

Mama akala. Tusekile alisimama mbele yake akiutazama mdomo wake. Mama akala, akala, akafuta sahani kwa kipande cha ndizi.

Kisha akainyoosha tena ile sahani. "Niongezee, mwanangu," akasema.

Jamani, furaha ya Tusekile. Ilimjaa mpaka akashindwa kusimama sawasawa. Akaongeza maharage mengi mno, yakamwagika kidogo, na hakuna aliyemgombeza.

Akamsimulia Mama kila kitu. Akamsimulia na habari za kuchungulia, hakuficha. Mama akacheka, akashika tumbo, akamwomba asimchekeshe zaidi.

Wote wakala. Mama Lusajo alikula, akaomba aazimwe kapu, akaondoka na mwavuli wake mdogo akiimba njia nzima.

Giza likaingia. Mama akalala kitandani, na lile furushi jeupe likalazwa kando yake. Mtoto alikuwa amefunikwa toka kisigino mpaka utosini, maana Tukuyu ina baridi.

"Njoo, Tusekile," Mama akaita. "Funua, umwone mdogo wako."

Tusekile akasogea. Ile pua ambayo hajaiona ilikuwa palepale, chini ya blanketi. Siku nzima, toka alfajiri, alikuwa anaitaka pua hiyo.

Mkono wake ukainuka. Ukaenda mpaka kwenye pindo la blanketi.

Ukasimama.

Tusekile akaurudisha. Akakaa pembeni ya kitanda, akaikalia mikono yake yote miwili.

"Amelala, Mama," akanong'ona. "Tukifunua, joto litatoka. Tumwache kwanza."

Mama na Bibi wakatazamana. Bibi akageuka ukutani, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akasingizia moshi. Moshi gani, na mkaa umekwisha?

Tusekile akamwimbia mdogo wake, taratibu, kwa sauti ya usiku.

*Funika, tulia, ngoja.*
*Mtoto hapendi kuchunguliwa.*

Akangoja. Mvua ikasema ti-ti-ti. Tusekile akangoja tena.

Na hapo blanketi likatikisika. Lenyewe.

Kikatoka kidole kimoja. Vikatoka vidole vyote. Kimkono kidogo kikashika pindo la blanketi, kikalivuta chini.

Ikatokea pua. Kisha likatokea jicho moja, kubwa, jeusi.

Jicho likamtazama Tusekile. Likamtazama sana.

"Bibi," Tusekile akanong'ona, "ananichungulia."

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Akasema huyo ni wa humu humu ndani, hapana shaka yoyote.

Tusekile akatoa mkono mmoja pale alipoukalia. Akanyoosha kidole, kile alichodonolewa na kuku. Mtoto akakishika, akakibana, hakukiachia.

Wakalala hivyohivyo, Mama, mtoto, na Tusekile kando yao. Blanketi moja, joto moja.

Na hadithi yangu nimeshaifunika, fundo nimepiga. Sasa fumbeni macho, na atakayechungulia nitamwona.